Ukiprinti mchoro wa zamani wa anga, usikate maandishi ya chini

Siku hizi ukiingia mtandaoni kutafuta picha ya kupamba sebule hukosi kukutana na michoro ya zamani ya anga, Zohali na pete zake kwenye weusi mzito, nyotamkia yenye mkia mrefu, ramani za nyota zilizojaa simba na dubu na watu wenye mikuki, jua lenye ndimi za moto pembeni, na watu wananunua kweli, wanaprinti kwenye kanvasi, wanaweka fremu nyeusi, wanatundika juu ya kochi na inapendeza. Mimi sina ugomvi na hilo hata kidogo. Ugomvi wangu ni kwamba wauzaji wengi wakishapata faili, kitu cha kwanza wanachofanya ni kukata ule mstari wa maandishi ulioko chini ya mchoro, wenye jina la aliyechora, tarehe, mara nyingine mpaka saa, eti picha ionekane safi, halafu wanaipa jina la jumla jumla tu na mteja anaondoka na kitu kizuri asichojua ni nini.

Ule mstari ni sehemu ya mchoro, na kwa baadhi ya michoro ukiuondoa umetoa nusu ya kazi. Watu waliochora vile vitu hawakuwa wanatafuta pambo la ukutani, walikuwa wanaandika ripoti ya walichokiona usiku fulani kwa darubini fulani, wino na chaki vikiwa ndo kamera yao.

Nianze na mtu mmoja ambaye kazi zake unazikuta kila mahali bila jina lake. Étienne Léopold Trouvelot alikuwa Mfaransa, kazaliwa 1827, akakimbia kwao baada ya mapinduzi ya Louis-Napoléon ya 1851 na kuishia Medford, mji mdogo karibu na Boston kule Massachusetts. Alikuwa mchoraji mwenye kupenda wadudu, akaleta aina ya nondo kutoka Ulaya akiwa na wazo la kutengeneza hariri, wakamtoroka mwishoni mwa miaka ya 1860 na mpaka leo hii wale nondo wanamaliza majani ya misitu ya Marekani, hiyo ni habari nyingine ndefu. Baada ya hapo akageukia anga. Mwaka 1872 Joseph Winlock, mkurugenzi wa kituo cha kuangalia nyota cha Harvard, akaona michoro yake akamkaribisha afanye kazi pale, na 1875 akaalikwa Washington kutumia darubini ya inchi 26 ya kituo cha jeshi la majini, ambayo kipindi hicho ndo ilikuwa darubini kubwa kuliko zote za lenzi duniani. Maisha yake yote alichora kama michoro 7,000 ya anga. Mwaka 1882 ikachaguliwa 15, ikachapwa kwa rangi kwenye karatasi kubwa na kampuni ya Charles Scribner's Sons ya New York, seti nzima ikiuzwa dola 125, hela nyingi sana kwa wakati ule, pamoja na kitabu cha kueleza kila mchoro.

Namna alivyofanya kazi ndo inanifanya nimheshimu. Ndani ya darubini, pale picha inapotua kabla haijafika kwenye jicho, aliweka kioo chenye mistari midogo ya miraba, na pembeni alikuwa na karatasi yenye miraba ya mpangilio uleule, kwa hiyo kila doa aliloliona kwenye mraba fulani wa darubini alilihamishia kwenye mraba wake wa karatasi, vipimo kwanza, halafu umbo, halafu ndo kivuli na rangi. Yaani alikuwa anapima kwa mkono, usiku wa baridi ya kaskazini, jicho moja kwenye lenzi na kitu chenyewe kinatembea angani muda wote. Picha kubwa za chaki za rangi zilikuja baadaye, kutokana na vipimo hivyo, na mafundi wa uchapaji wakazihamishia kwenye mawe, kila rangi na jiwe lake, karatasi ikawa inapita mara nyingi mpaka picha ikamilike.

Sasa chukua ule mchoro wake wa vimondo vya Novemba, nadhani umeshauona hata kama hukujua ni wa nani. Anga la usiku limejaa michirizi ya mwanga, mingine imenyooka, mingine imejipinda na kujikunja, mingine ni mapande manene yanayoacha njia nyuma yake. Ukiutazama bila maelezo unaamini kabisa kwamba kuna dakika moja mtu alisimama nje akaona yote hayo yanamwagika kwa pamoja. Maandishi ya chini yanakwambia vimeonekana kati ya saa 6 usiku na saa 11 alfajiri, usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Novemba 1868. Saa tano nzima zimewekwa kwenye karatasi moja. Yule jamaa hakudanganya, alikusanya vimondo vya usiku mzima akavipanga kwa pamoja ili uone aina zake na mienendo yake, na akaandika wazi amefanya hivyo kwa muda gani. Muuzaji akiukata ule mstari, mchoro wa kweli unageuka kuwa wa uongo, na aliyeuharibu ni yeye, mchoraji hakukosea kitu.

Au ile Mshtarii yake. Imeandikwa tarehe 1 Novemba 1880, saa 3:30 usiku. Saa ya nini kwenye picha ya sayari? Mshtarii inajizungusha mara moja kwa muda usiofika saa 10, kwa hiyo ukiingia ndani kunywa chai ukarudi baada ya saa mbili tatu unakuta sura nyingine kabisa, lile Doa Kubwa Jekundu limeshasogea mpaka ukingoni au limepotea upande wa pili. Kwenye mchoro lipo, jekundu la kuiva, na hilo nalo lina historia yake maana kuanzia 1878 ndipo lile doa lilipokolea rangi kiasi cha kufanya wanaastronomia wa nchi nyingi walishikie kalamu. Leo linaonekana kufifia na kupungua ukubwa ukilinganisha na enzi zile. Tunalinganisha na nini? Na michoro ya watu kama hawa, yenye tarehe na saa. Zohali vilevile, ile iliyochorwa tarehe 30 Novemba 1874 saa 11:30 jioni, pete zake zimeinama kwa namna ya msimu ule tu, kwa sababu kila miaka kama 15 pete zinakaa ubavu mpaka karibu hazionekani, mara ya mwisho ilikuwa Machi 2025, halafu zinafunguka tena. Mtu anayejua mambo haya akiona Zohali yako ukutani ikiwa na tarehe anaweza kukaa nayo muda mrefu. Bila tarehe ataisifia fremu.

Kuna mchoro wa kupatwa kwa jua wa tarehe 29 Julai 1878, aliuchora kutoka Creston kwenye eneo la Wyoming. Duara jeusi katikati, halafu mwanga mweupe unatanuka pande mbili, kushoto na kulia, mbawa mbili pana, na juu na chini kuna michirizi mifupi. Ukilinganisha na picha nyingi za kupatwa kwa jua ambazo mwanga unazunguka pande zote, unaweza kudhani huyu bwana kaongeza chumvi. Hajaongeza. Mwaka 1878 jua lilikuwa kwenye kipindi chake cha utulivu, madoa machache sana, na leo tunajua kwamba kipindi hicho mwanga wa pembeni mwa jua unakaa hivyohivyo, mirefu kwenye ikweta ya jua na mifupi kwenye ncha zake. Alikuwa na dakika tatu hivi za giza, akatoka na umbo sahihi. Mimi huu ndo ninaoupenda kuliko yote 15, na ndo unaonisikitisha zaidi nikiuona umezungushwa kusimama wima ili utoshee kwenye kifuniko cha simu, maana mbawa zikielekea juu na chini basi umeshaharibu kitu kimoja ambacho mchoro ulikuwa unakieleza.

Na upo mwingine ambao wauzaji hawaupendi sana kwa kuwa hauna sayari wala mlipuko, ni anga la jioni tu la tarehe 20 Februari 1876 na mwale hafifu mweupe umesimama kutoka upeo wa macho, mpana chini na mwembamba juu. Ni mwanga wa jua unaogonga vumbi lililotawanyika baina ya sayari. Wasomaji wangu Waislamu huu mwale mnaujua, upande wa asubuhi ndo ile alfajiri ya uongo ambayo vitabu vya fiqhi vinaitaja, mwanga unaosimama wima kama mkia wa mbwamwitu halafu unapotea kabla ya alfajiri ya kweli kutanda upana. Trouvelot huko Massachusetts alilazimika kusubiri msimu mzuri maana kwao mwale unalala upande, ila sisi tulio karibu na Ikweta unasimama karibu wima, mtu akiwa mbali na taa za mji anaweza kuuona mwenyewe kwa macho. Kwa hiyo kama kuna mchoro wa karne ya 19 wenye haki ya kukaa kwenye ukuta wa mtu wa pwani au wa Tabora au Garissa, ni huu. Lakini uprinti vizuri, ule mwale ni wa kivuli na kivuli, ukiweka ile filta ya kufanya karatasi ionekane ya kale na ya njano unapotea wote na unabaki na karatasi ya kahawia.

Hapo kwenye rangi nataka nikae kidogo, kwa sababu watu wanauziwa maneno. Utakuta tangazo linasema rangi asilia, sawa, lakini rangi asilia ina maana tofauti kwa michoro tofauti. Ile ya Trouvelot rangi ilichapwa, ni sehemu ya ripoti, wekundu wa doa la Mshtarii ni habari. Sasa nenda kwenye zile ramani za duara zenye malaika pembeni na mapambo ya dhahabu, za Andreas Cellarius, kitabu chake cha Harmonia Macrocosmica kilichotoka Amsterdam mwaka 1660 kikiwa na kurasa 29 za picha. Zile zilichongwa kwenye mabamba ya shaba na kuchapwa kwa wino mweusi, halafu mtu mwenye uwezo ndo akalipia nakala yake ipakwe rangi kwa brashi, kwa hiyo nakala hii ina mawingu ya waridi, ile ina mawingu ya kijivu, na zote ni halali. Ukiambiwa kwamba bluu hii ndo bluu ya Cellarius, ni bluu ya fundi mmoja aliyepaka nakala moja. Ukitaka kuprinti nyeusi na nyeupe hujakosea chochote, na mimi ningekushauri hivyo, mistari ya uchongaji inaonekana vizuri zaidi.

Cellarius mwenyewe alikuwa mkuu wa shule ya Kilatini pale Hoorn, Uholanzi, na kitabu chake ni cha mwalimu. Anakuonyesha ulimwengu wa Ptolemaio wenye Dunia katikati, wa Copernicus wenye jua katikati, na ule wa Tycho Brahe wa kuchanganya yote mawili, kurasa nzuri kupita kiasi. Kitu ambacho hakipo ni mizunguko ya sayari ya umbo la yai aliyoieleza mwanaastronomia Kepler, na Kepler alishaichapisha tangu 1609, nusu karne kabla. Kwa hiyo ukitundika ile ya Copernicus ukijua unaangalia somo la darasani lililokuwa limeshapitwa ni jambo zuri, unaona jinsi elimu inavyochelewa kufika vitabuni, jambo ambalo sisi wenyewe tunalijua vizuri mno. Ila ukitundika ukiamini ndo kilele cha sayansi ya siku zile, umepotoshwa na urembo.

Na tukifika kwenye upotoshaji kuna michoro miwili lazima niitaje. Wa kwanza ni ule wa mtu aliyepiga magoti mwisho wa dunia, kachomoza kichwa nje ya kuba la nyota anachungulia magurudumu na mawingu ya upande wa pili. Unauzwa kama picha ya zama za kati, wakati mahali pa kwanza unapojulikana kuonekana ni kitabu cha mwanaastronomia Mfaransa Camille Flammarion kuhusu hali ya hewa, kilichochapwa Paris mwaka 1888, na ulikuwa mweusi na mweupe, rangi zote unazoziona watu wameongeza baadaye. Ni mchoro wa karne ya 19 uliotengenezwa kwa kuiga mtindo wa kale, ukieleza vile watu wa karne ya 19 walivyofikiri kwamba wazee wa zamani walifikiri. Ukiuweka ukutani na kuandika "karne ya 16" unawasingizia watu wa karne ya 16. Wa pili ni ule wa kijiji chini na mvua ya vimondo juu, unaouzwa kama mchoro wa mvua kubwa ya vimondo ya Novemba 1833 kule Amerika. Tukio ni la kweli, tarehe ni ya kweli, ila mchoro ni wa 1889, Adolf Vollmy aliuchonga kutokana na picha ya Karl Jauslin kwa ajili ya kitabu cha dini cha Waadventista. Miaka 56 baada ya tukio. Linganisha na ule wa Trouvelot wa 1868, mmoja una saa za kuangalia, mwingine ni mahubiri. Yote miwili ina nafasi yake ukutani, lakini sio kazi moja, na kinachotofautisha ni yale maandishi tu.

Sasa kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja na sijaona wauzaji wakilisema. Ramani nyingi za nyota zinazouzwa kama mapambo ni za nusu ya kaskazini, katikati yake kuna nyota ya kaskazini. Dar es Salaam iko kama digrii 7 kusini mwa Ikweta, ile nyota iko chini ya upeo wa macho mwaka mzima, hutaiona hata upande juu ya ghorofa gani. Petrus Plancius wa Amsterdam aliingiza kundinyota la Twiga kwenye tufe lake la 1612, na wachoraji waliofuata wakamchora vizuri, shingo ndefu na madoa, ila wakamweka karibu na ncha ya kaskazini, kwa hiyo Serengeti penyewe huyo twiga wa angani anakaa chini sana upande wa kaskazini na sehemu kubwa ya nyota zake ni hafifu. Anafaa sana chumba cha mtoto, nakubali, tena ni mzuri, ila mtoto akitoka nje kumtafuta atachoka.

Ukitaka anga lako, tafuta kurasa za kusini. Johann Bayer, mwanasheria wa Augsburg, alichapisha Uranometria mwaka 1603, kurasa 51 za ramani, na ukurasa wa 49 una makundinyota 12 mapya ya kusini, wamo tausi, kinyonga, korongo, nyoka wa maji, samaki anayeruka. Nyota zile zilipimwa na mabaharia wa Kiholanzi, Pieter Dirkszoon Keyser na Frederick de Houtman, kwenye safari iliyoanza 1595 kuelekea visiwa vya viungo, na meli zao zilikaa miezi Madagaska, watu wanaumwa na kufa, na Keyser alifanya sehemu ya vipimo vyake huko. Madagaska, sio mbali na hapa. Yeye mwenyewe alifariki 1596 kabla ya kurudi nyumbani, na kwenye printi zinazouzwa leo jina lake hulioni popote. Halafu kuna ramani ya Nicolas-Louis de Lacaille, mwanaastronomia Mfaransa aliyepiga kambi Cape Town kuanzia 1751, akaorodhesha karibu nyota 10,000 za kusini na kuweka makundinyota 14 mapya, mengi ameyaita kwa majina ya vifaa, darubini, hadubini, saa ya ukutani, na moja akaliita kwa jina la Mlima Meza. Hiyo ramani ilichapwa 1756, ni duara moja tulivu lisilo na fujo, na ukitoka nayo usiku nje hapa kwetu nyota zilizomo unazipata.

Angalizo la kitaalamu kidogo hapo. Baadhi ya atlasi, kama ile ya Johannes Hevelius iliyotolewa 1690 na mkewe Elisabeth baada ya yeye kufariki, zinaonyesha anga kama mtu anayelitazama kutoka nje ya tufe, kwa hiyo kushoto na kulia vimegeuzwa. Hilo sio kosa la printa na usimwambie fundi aipindue. Wengine wanaipindua kwenye kompyuta kwa kudhani wanasaidia, halafu maandishi yote yanasomeka kinyumenyume, wakishaona hivyo wanayafuta maandishi, na ndo unarudi palepale kwenye ugonjwa tuliokuwa tunauzungumzia.

Kuhusu kuprinti kwenyewe sitakaa sana. Faili zipo bure na ni halali, kazi hizi haki zake zimeshaisha muda, Maktaba ya Umma ya New York mwaka 2016 ilifungua picha zaidi ya 180,000 mtu achukue bila kuomba ruhusa, na michoro ya Trouvelot imo kwenye hazina yao ya kidijitali. Kwa saizi ya A2 unahitaji faili ya pikseli kama 4,960 kwa 7,020 ili itoke na makali yake, ukipewa faili ndogo iliyovutwa mistari ya uchongaji inakuwa uji. Karatasi nzito isiyong'aa, maana hii michoro ni weusi mtupu na karatasi ya kung'aa inageuka kioo cha kujitazama. Fleksi ya mabango waachie wagombea. Wino wa pigmenti kama fundi anao, kwa sababu jua la kwetu linaula wino wa kawaida haraka, na kwa watu wa pwani mwambie fundi wa fremu picha isigusane na kioo, unyevu ukiingia katikati inashika na ukungu unaanza. Na mwambie aache maandishi ya chini. Kama faili yako tayari imekatwa, tafuta nyingine, na ukikosa basi chapa mwenyewe kipande kidogo, jina, mahali, tarehe, saa, ukiweke ndani ya fremu.

Kuna watu wananiuliza kwa nini nihangaike na michoro wakati kuna picha za darubini za Hubble na James Webb, kali kuliko jicho la mtu yeyote. Jibu langu ni kwamba zile nazo zina maandishi yake na nazo watu wanakata, lakini pia mchoro unakuonyesha kitu ambacho kamera haina, uamuzi wa mtu. Na kipindi cha Trouvelot mkono ulikuwa bado unaishinda kamera kwa vitu hafifu. Nebula ya Orion, lile wingu la gesi na vumbi angani, aliichora 1875 na 1876, picha ya kwanza ya kamera ya nebula hiyo Henry Draper aliipiga Septemba 1880 na ilionyesha sehemu yake ya kung'aa tu, halafu ndani ya miaka michache tu kamera zikapita mbele moja kwa moja. Ile seti ya 1882 ilitoka mlango ukiwa unafungwa.

Kama ukuta wako una nafasi ya picha mbili, ningekwambia uweke Mirihi mbili. Moja ni ya Trouvelot, tarehe 3 Septemba 1877, saa 5:55 usiku, siku mbili kabla ya Mirihi kukaa upande wa anga ulio kinyume kabisa na jua, Dunia ikiwa katikati, mwaka ambao ilikaribia Dunia kuliko kawaida. Kiangazi hichohicho, Agosti, Asaph Hall aligundua miezi miwili ya Mirihi kwa ileile darubini ya inchi 26 ya Washington. Mchoro una mabaka ya kijivu yenye kingo laini, yanapotea taratibu ndani ya wekundu, hakuna mstari ulionyooka. Ya pili ni ramani ya Giovanni Schiaparelli, aliyekuwa anaitazama sayari ileile msimu uleule kutoka Milano, na yeye kachora mistari, njia nyembamba zinazounganisha mabaka. Watu wawili wazoefu, sayari moja, msimu mmoja. Kutokana na mistari ile mwanaastronomia wa Marekani Percival Lowell akaja kuandika mwaka 1895 kwamba kuna viumbe wenye akili waliochimba mifereji ya maji, na watu wakaamini kwa miongo. Aliyekuja kuivunja hoja hiyo kwa macho ni Eugène Antoniadi, mwaka 1909, kwa darubini kubwa ya Meudon nje ya Paris, akaona mabaka yaliyokatikakatika na mistari hakuna. Meudon ndiko Trouvelot alikorudi kufanya kazi baada ya kuondoka Marekani 1882, na ndiko alikofia 1895.

Ziprinti kwa urefu mmoja, Trouvelot kushoto, Schiaparelli kulia, zote zikiwa kusini juu kama walivyokuwa wanaona kwenye darubini za wakati ule, tarehe chini ya kila moja. Ukipata nafasi ya tatu, tafuta mchoro wa Antoniadi wa 1909 uweke mwisho kulia.